Chicago au Toronto? Njia mbili za kurudisha ufukwe kwa wananchi, na ipi itufae Dar

Mwaka juzi, Jumapili moja ya mwezi wa nane, nilikuwa natembea na wanangu wawili ufukweni, upande wa kaskazini wa jiji, jua limeshapoa. Tulipofika mbele ya hoteli moja tukakuta kamba ya nailoni imefungwa kwenye nguzo ya zege kule juu, imeshuka mchangani mpaka kwenye kigingi kilichochomekwa ukingoni mwa maji. Mlinzi akatuuliza, kwa adabu tu, "Shikamoo mzee. Mmekuja kula, au mnapita?" Nikamwambia tunapita. Akasema hapapitwi. Binti yangu mdogo alikuwa ameshika kandambili mkononi, miguu imejaa mchanga, ananitazama asikie nitajibu nini.

Sikubishana. Tulikaa upande wetu wa kamba, tukala karanga. Maji yalikuwa yanakupwa. Baada ya kama dakika 40 kigingi kikabaki mchanga mkavu, na mbele yake pakawa na hatua kumi nzima za mchanga mbichi ambao muda mfupi uliopita ulikuwa bahari. Tukainuka, tukakizunguka kile kigingi, tukaendelea na safari yetu. Mlinzi alitutazama, hakusema kitu. Nadhani hata yeye hakujua pale tulipokanyaga ni pa nani.

Tangu siku ile, kila nikionyeshwa mchoro wa kupendezesha pwani ya Dar, wenye nyasi za kijani na watu wanaotembea na mbwa, jicho langu linatafuta kamba kwanza. Na kwenye mazungumzo ya michoro hiyo miji miwili haikosekani kutajwa, Chicago na Toronto. Yote miwili haiko baharini. Iko kaskazini ya mbali, kwenye maziwa makubwa ambayo kingo zake huganda barafu mwezi wa kwanza: Chicago, Marekani, iko Ziwa Michigan, na Toronto, Kanada, iko Ziwa Ontario. Kila mmoja una watu takriban milioni 3, wakati sisi sensa ya 2022 ilituhesabu 5,383,728. Lakini yote miwili ilikuwa na maji mazuri yaliyozibwa na reli, maghala na barabara, na yote miwili imehangaika kwa vizazi kuyarudisha mikononi mwa watu wa kawaida. Toronto nilikaa miezi miwili kwa dada yangu. Chicago nilipita siku nne, na zote nne nilishinda ziwani.

Niseme mapema ninapoegemea ili msomaji asisome kwa kubahatisha: Chicago wana kufuli zuri, Toronto wana mikono mizuri, na mwenye nyumba hununua kufuli kwanza.

Kufuli la Chicago

Mwaka 1836 makamishna waliokuwa wanagawa viwanja vya Chicago waliandika maneno machache pembezoni mwa ramani, kwenye kipande kilichotazama ziwa: kwamba hapo ni mahali pa umma, pabaki wazi milele, pasiwe na jengo wala kizuizi cha aina yoyote. Ni sentensi moja tu. Siku ile hakuna aliyejua itakuwa na thamani gani.

Na karibu ipotee. Mwaka 1852 mji haukuwa na fedha za kujikinga na mawimbi, ukairuhusu kampuni ya reli ya Illinois Central ipitishe njia yake majini, mbele ya mji, kwa masharti kwamba ijenge ukuta wa kukinga ufuko. Mji ulipoungua 1871, kifusi cha nyumba zilizoteketea kikamwagwa kati ya ufuko na reli, na bustani kubwa ya Grant Park imekaa juu ya kifusi kile na vingine vilivyofuata. Kabla ya hapo, 1869, bunge la jimbo lilikuwa limekwenda mbali zaidi: liliipa kampuni ileile ya reli ardhi iliyo chini ya maji ya ziwa, zaidi ya ekari 1,000. Miaka minne baadaye bunge lenyewe likajutia, likaifuta ile sheria. Kampuni haikukubali, jimbo likaishtaki. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1892 majaji wakaamua kwamba ardhi iliyo chini ya maji ya ziwa serikali imeishika kama mdhamini wa wananchi, na mdhamini hana ruhusa ya kugawa alichokabidhiwa kana kwamba ni chake.

Mtanzania anayesoma hukumu ile hawezi kuiona ngeni. Sheria yetu ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Neno ni lile lile, mdhamini. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Kwa maandishi hatuko nyuma ya Chicago hata kidogo. Tofauti iko kwa mtu anayesimama kudai.

Kwao alisimama mfanyabiashara, Montgomery Ward, aliyekuwa anauza bidhaa kwa katalogi na posta. Ofisi zake zilitazama ile bustani. Kuanzia 1890, kwa takriban miaka 20, alikwenda mahakamani tena na tena kila mtu alipotaka kujenga pale, na mahakama ya juu ya jimbo ikampa ushindi mara kwa mara. Hata jumba la makumbusho lililokuwa na fedha tayari alilizuia. Marafiki walimwona mkaidi, magazeti yalimwandama. Leo huwezi kusimama Grant Park bila kuwa mnufaika wa ukaidi wake. Ndipo 1909 Daniel Burnham na Edward Bennett walipotoa mpango wao mashuhuri wa mji, uliosema ufukwe wa ziwa ni haki ya watu. Wengi wanadhani ule mpango ndio ulioleta bustani. Mimi naona mpango ulikuta mlango umeshalindwa na mtu mwenye mawakili.

Mwaka 1973 mji ukatunga sheria ndogo ya kulinda ufukwe wote. Na kufuli linafanya kazi hadi leo. George Lucas, mtengeneza filamu, alitaka kujenga jumba la makumbusho pembeni ya ziwa kwa fedha zake mwenyewe. Meya alikubali. Kikundi cha wananchi kiitwacho Friends of the Parks kikafungua kesi, na 2016 Lucas akachoka, akahamishia mradi Los Angeles. Wapo wakazi waliolia, kwa sababu eneo lenyewe lilikuwa maegesho ya magari na likabaki maegesho ya magari. Hoja yao ina uzito. Lakini kufuli linalofunguka kwa kila mgeni mwenye zawadi nono haliwezi kukulinda siku anapokuja mgeni mwenye nia mbaya.

Matokeo yake nimeyakanyaga kwa miguu. Kuna njia ya waenda kwa miguu na baiskeli ukingoni mwa ziwa yenye urefu wa takriban kilomita 29, kama kutoka Posta mpaka kukaribia Bunju. Ufuko mmoja baada ya mwingine, na sikulipa kiingilio mahali popote. Niliona familia imeleta jiko la mkaa, inachoma nyama chini ya mti, majengo ya mabenki yakiwa nyuma yao. Hakuna aliyewauliza kama wamekuja kula au wanapita.

Hata hivyo nisiwapambe. Kufuli limeshavunjwa. Mwaka 1960 walijenga ukumbi mkubwa wa maonyesho, McCormick Place, palepale ukingoni, ukaungua 1967, na badala ya kuyarudisha maji kwa watu wakajenga mwingine. Jukwaa la muziki la Millennium Park, lililobuniwa na Frank Gehry, liliandikishwa kama kazi ya sanaa ili lisihesabiwe kuwa jengo. Mwenye nguvu hupata fundi wa kuchonga ufunguo.

Na lipo doa kubwa kuliko hayo. Tarehe 27 Julai 1919, siku ya joto, kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa anaelea ziwani na wenzake karibu na mtaa wa 29. Hakukuwa na kamba. Kulikuwa na mstari wa mazoea tu, usioonekana, weupe huku na weusi kule, na maji yakampeleka upande usio wake. Mzungu mmoja akawarushia mawe, Eugene akazama akafa. Polisi hakumkamata mtupa mawe. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38, weusi 23 na weupe 15. Hapo ziwa lilikuwa limeshakuwa mali ya umma kwa hukumu ya mahakama kwa miaka 27.

Kisa hiki nakileta kwa makusudi, maana sisi nasi tulirithi mji uliokatwa hivyohivyo: Uzunguni upepo wa bahari, Uhindini katikati, Uswahilini nyuma, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kama mpaka. Oysterbay haikujengwa kwa ajili ya babu yangu. Leo hakuna anayeuliza rangi, lakini swali la mlinzi, "mmekuja kula?", linachuja watu kwa mfuko. Sheria ya ufukwe wa umma inapaswa kumfikia na mlinzi yule, awe nayo kichwani kama anavyokuwa na rungu mkononi.

Mikono ya Toronto

Toronto hawana sentensi ya 1836. Walikuwa na bandari, na bandari ile ikasinyaa makontena yalipoingia, ikaacha maghala matupu na ardhi yenye mafuta na sumu. Juu yake wakapitisha barabara ya juu ya zege, Gardiner, kati ya mji na maji. Ukitoka katikati ya mji kwenda ziwani lazima upite chini ya lile dude, lina giza na kelele, kama chini ya daraja lolote unalolijua.

Mwaka 1972 serikali kuu ya Kanada ilitangaza kuwanunulia watu wa Toronto eneo la ukingoni, liitwe Harbourfront, liwe bustani. Watu walifurahi. Halafu, ili mradi ujiendeshe, vipande vikaanza kukodishwa kwa wajenzi, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 minara ya fleti ilikuwa imesimama mbele ya maji. Zawadi ya umma ikawa mandhari ya wenye fleti. Hasira zilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali iliunda tume, 1988, chini ya meya wa zamani David Crombie, iliyomaliza kazi yake 1992. Kila nikisikia kauli "mradi utajiendesha wenyewe" nakumbuka ile minara.

Mwaka 2001 wakaanza upya, safari hii kwa chombo kimoja cha serikali tatu: ya nchi, ya jimbo na ya mji, kila moja ikiahidi dola milioni 500 za Kanada. Hapa ndipo wanaponivutia. Hawakusubiri bilioni zote zifike ili wajenge kitu kimoja kikubwa. Walichukua kipande kidogo, wakakimaliza vizuri, watu wakakitumia, wakaenda kingine.

Sugar Beach ni mfano ninaoujua kwa pua. Palikuwa maegesho ya magari, pembeni ya kiwanda cha sukari cha Redpath ambacho bado kinafanya kazi. Mwaka 2010 wakamwaga mchanga, wakaweka viti vya mbao na miavuli ya rangi ya waridi. Nilikaa pale mchana mmoja, meli imefunga gati inashusha sukari ghafi, harufu ya molasesi imetanda kama uko Kilombero wakati wa msimu. Watoto wanachimba mashimo, wafanyakazi wa kiwanda wamekaa kivulini na vyakula vyao vya mchana. Kiwanda hakikufukuzwa ili bustani ipendeze. Nilipenda sana hilo. Kasoro moja: maji unayaona tu. Kuogelea hairuhusiwi, ukingo ni ukuta. Mtoto wa Dar ataona ameonyeshwa pilau asipewe kijiko.

Pembeni kidogo kuna mtaa wa Queens Quay. Ulikuwa na njia nne za magari, wakazipunguza kuwa mbili, na nafasi iliyopatikana wakawapa waenda kwa miguu, baiskeli na miti. Tramu ikabaki na njia yake. Kazi ilikamilika 2015. Nilisimama pale nikiwaza Toure Drive pale Coco, Jumapili jioni, mama ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, anangoja bodaboda zipite.

Sasa udhaifu wao. Mikono mizuri bila kufuli. Mwaka 2017 kampuni ya Sidewalk Labs, ndugu wa Google, ilikuja na mpango wa mtaa wa kompyuta kila kona, eneo la Quayside. Wananchi walihoji taarifa zao zitakwenda kwa nani, wakahoji mpaka kampuni ikajitoa Mei 2020. Huo ulikuwa ushindi. Lakini Ontario Place, bustani ya visiwani iliyofunguliwa 1971, hawakuiokoa. Serikali ya jimbo imekodisha kisiwa kimoja kwa kampuni ya Therme ya Austria, miaka 95, kwa ajili ya mabwawa ya kulipia. Mwaka 2023 ikapitisha sheria ya kuuondoa mradi katika masharti ya mazingira na ya majengo ya urithi, na ikafunga baadhi ya njia za kuishtaki. Mwezi wa kumi 2024 miti ilikatwa. Angekuwepo Ward wao, mwenye sentensi ya 1836 mkononi, nina hakika ingekuwa vigumu zaidi.

Mto, ambapo Toronto wanatuzidi wote

Kama utasoma sehemu moja tu ya andiko hili, soma hii, maana inahusu Jangwani.

Oktoba 1954, mwaka ule ule TANU ilipozaliwa, kimbunga Hazel kiliinyeshea Toronto na maeneo ya jirani usiku kucha na kuua watu 81. Kwenye mtaa mmoja tu, Raymore Drive, walikufa 35, nyumba zikisombwa na watu wakiwa ndani. Baada ya maziko, serikali ilifanya jambo ambalo watu wa Kigogo na Mchikichini wangependa kulisikia vizuri: ilinunua ardhi ya mabonde, ikazuia ujenzi wa makazi, ikayageuza mabonde kuwa bustani. Mpaka leo mito ya Toronto imezungukwa na miti kwa sababu ya vifo vile.

Bado mdomo wa mto Don ulikuwa na tatizo. Mwishoni mwa karne ya 19 waliunyoosha mto, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakafukia kinamasi chake, wakaulazimisha kukata kona ya mraba ndani ya mfereji wa zege. Mto hauwezi kona ya mraba. Kila mvua kubwa ulipanda barabarani. Mwaka 2017 serikali tatu zikatoa dola bilioni 1.25 za Kanada (gharama ikapanda baadaye) kuchimba mdomo mpya unaopinda, wenye kingo za nyasi na vinamasi, mafuriko yapate pa kulala. Mto ulianza kupita humo 2024, na mwaka uliofuata bustani iitwayo Biidaasige ikafunguliwa kandokando yake. Katika mradi ule bustani ndiyo sehemu ya kuogelea ya mafuriko. Ndiyo miundombinu yenyewe.

Sasa Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 tunayakumbuka, na familia zilizohamishiwa Mabwepande zipo. Tunakumbuka pia alama nyekundu za X na mabuldoza. Tunaona mwendokasi unavyokatika Jangwani kila masika, abiria wanavua viatu. Mradi wa Bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na wabia wake, una mawazo yale yale ya Don ndani yake: kupanua mto, daraja jipya la Jangwani, na bustani ya mji kwenye bonde. Na sisi tuna kitu ambacho Toronto walilazimika kukipanda kwa pesa nyingi: mikoko pale mdomoni, Selander, ambayo imejiotea.

Swali ninalolibeba mimi ni la fidia na la muda. Toronto walinunua nyumba za watu, wakawaacha waondoke na thamani mkononi. Bonde likiwa bustani nzuri bei ya viwanja vya jirani itapanda, na aliyekaa na matope miaka 30 anastahili kuwa wa kwanza kukaa kwenye benchi lile. Kama atakuwa Bunju bila nauli, tumejenga Harbourfront nyingine.

Ambayo wote wawili hawawezi kutufundisha

Kupwa na kujaa ni la kwanza. Maziwa yale yana mawimbi makali. Juni 1954 wimbi la ghafla lilipiga Chicago na kuua wavuvi 8 waliokuwa gatini. Lakini bamvua hawaijui. Kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua. Ngazi za zege zinazoingia majini, unazoziona kila mahali Chicago, kwetu mara mbili kwa siku zitakuwa ama zimezama zina utelezi wa mwani, ama ziko mbali na maji. Na kufukia bahari kwa kifusi kama walivyofanya wao ni hatari hapa, kwani mkondo ukizuiwa huku unakwenda kula mchanga kule. Muulize mtu yeyote wa Kunduchi mwenye umri wa mzazi wako ufukwe ulikuwa umefika wapi.

La pili ni kivuli. Mtu wa kaskazini anatafuta jua, kwa hiyo bustani zao ni uwanja wa nyasi mtupu. Uwanja ule ukiuleta Dar, saa saba mchana mwezi wa pili ni kikaango. Miavuli ya Sugar Beach ilizua mzozo kwenye baraza la mji kwa sababu mmoja uligharimu zaidi ya dola 11,000 za Kanada. Mkungu unaota kwa mbegu iliyodondoka, unatandaza matawi kama sinia juu ya sinia, na hauhitaji fundi. Mivinje nayo ipo.

La tatu ndilo linalonipa shida kweli, nami natofautiana na Chicago hapa. "Pasiwe na jengo wala kizuizi cha aina yoyote." Nikilichukua neno kwa neno, namfukuza muuza mihogo wa Coco. Yule mama anayekaanga mihogo karai kubwa, anaichana katikati kwa kisu, anapaka pilipili na chumvi, anakufungia na kachumbari kwenye gazeti, si kizuizi. Bila yeye watu wangekuja Coco mara moja kwa mwezi. Sheria yetu iseme hapana kwa jengo la kudumu na ukuta, na ndiyo kwa meza inayobebeka, jiko linaloondoka jioni, maji ya bomba, jalala linalozolewa, na choo ambacho hakikuachi na shilingi 500 pungufu kila mtoto akibanwa. Toronto walimwacha mwenye sukari. Sisi tumwache mwenye mihogo.

Fedha, kwa ufupi

Millennium Park ilikadiriwa dola milioni 150, ikafika takriban 475, na ikafunguliwa 2004 badala ya 2000. Sehemu ya gharama ililipwa na matajiri, majina yao yameandikwa pale. Ni mahali pazuri, watoto wanacheza kwenye maji yanayotoka midomoni mwa picha za nyuso za wakazi. Lakini manispaa zetu haziwezi kubeba kosa la ukubwa ule. Kwa mfuko wetu, njia ya Toronto ya kipande kwa kipande ndiyo yetu.

Ningechagua hivi

Coco na fukwe zote za mchanga kuelekea kaskazini: Chicago, bila kusita. Hapa hatuhitaji ubunifu, tunahitaji mstari wa mita 60 upimwe, uwekewe alama zinazoonekana, na njia ya umma ya kupita ukingoni iandikwe kwenye hati ya kila kiwanja kinachogusa bahari. Hoteli zibaki na biashara zao, kamba ziondoke.

Kivukoni mpaka Barabara ya Barack Obama: Toronto. Bandari yetu haijafa kama yao, iko hai na inakua, soko la samaki la Feri lina watu tangu alfajiri, na pantoni linashusha umati wa Kigamboni. Tusiwaze kuhamisha mtu. Tuchukue kipande kimoja, tuseme mita 200 pale watu wanapongoja pantoni, tupande miti, tuweke mabenchi, maji na taa, tupunguze mwendo wa magari. Kikifaa, tuongeze. Ukuta wa bahari wa Barack Obama tayari umeshageuzwa benchi na wananchi wenyewe. Nenda saa 12 jioni ukaone. Daraja la Tanzanite, tangu lifunguliwe Machi 2022, linaunganisha upande wa Aga Khan na Coco, na njia ya miguu ipo. Kinachokosekana ni kivuli na vivuko salama vya kufikia ncha zake.

Msimbazi: Toronto tena, mto na fidia kwa pamoja.

Na kama mtaa wenu utaitwa kwenye mkutano wa kuonyeshwa michoro, msianze na rangi ya matofali. Ombeni kuona hati ya eneo iko kwa jina la nani. Ombeni kuona mkataba kama upo, na ni wa miaka mingapi. Miaka 95 na miaka 33 ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mjukuu wako. Ulizeni mtu akizuiwa kupita anakwenda kushtaki wapi, na nani atamlipia wakili. Kisha mwambieni mchoraji aonyeshe kwa kalamu maji yanafika wapi siku ya bamvua, na mama wa mihogo atakaa upande gani wa mstari huo.